Binti Aliyeacha Kuuliza

Kikao kilikuwa kinaelekea ukingoni, watu wameshaanza kufunga madaftari.

Nilikuwa nimemrudishia binti mmoja ninayemsimamia ripoti yake kwa mara ya tatu, na nikamwambia neno ninalowaambia wote: "Bado. Irudie." Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akasema bila ukali wowote: "Dada, nirudie nini hasa? Mara ya kwanza ulisema ni ndefu mno. Mara ya pili ukasema imepungua. Ukinionyesha iliyo nzuri inafananaje, naimaliza leo hii hii."

Hakuna aliyecheka. Mwenzetu wa uhasibu akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Nami nikajibu: "Kaa kwenye kazi hii, utajua mwenyewe."

Akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema, "Sawa, Dada." Tukatawanyika.

Kama angeacha kazi kesho yake, nisingekuwa na cha kuandika. Ningesema lile tunalolisema siku zote mameneja tukibaki peke yetu, kwamba vijana wa siku hizi hawana subira, na lingeishia hapo. Lakini hakuacha. Alikuja saa mbili kamili, akasalimia, akaketi. Ripoti ya nne ikaja imefuata mtindo wangu neno kwa neno, mpaka na ugonjwa wangu wa kuweka mkato mahali pasipohitaji mkato. Niliipitisha.

Kilichobadilika ni kimoja tu. Hakuuliza tena.

Na mwanzoni, niseme kweli, nilifurahi.

## "Nikadhani ndivyo unavyotaka"

Wiki kama tatu baadaye nikamtumia maelekezo ya jedwali la mteja. Nilikuwa na haraka, nikakosea mwaka. Jedwali likarudi limenyooka ajabu: safu zimepangwa, jumla zinakubaliana, na takwimu zote ni za mwaka uliopita. Sikulikagua. Likafika kwa mteja, na mteja ndiye aliyegundua.

Nikamwita ofisini. Nilikuwa nimeshajiandaa kumsamehe, raha moja ya umeneja ambayo hatuisemi.

"Hukuona kwamba mwaka si wenyewe?"

"Niliona, Dada."

"Sasa?"

"Nikadhani ndivyo unavyotaka."

Hakuwa ananikejeli. Kejeli ninaijua, nina vijana wawili nyumbani. Alisema kama mtu anayekariri kanuni aliyofundishwa darasani, na mwalimu wa darasa hilo alikuwa mimi.

Sentensi ile nimetembea nayo wiki sita sasa. Naisikia nikipiga mswaki.

## Manung'uniko nayo yana ukweli

Msinielewe vibaya. Sijaja hapa kuimba kwamba vijana wote ni malaika na sisi wakubwa ndio wabaya. Makala za namna hiyo zimejaa, na aghalabu huandikwa na watu ambao hawajawahi kupokea ujumbe wa saa tano usiku Jumapili unaosema "habari, naomba nisije tena kuanzia kesho", ukiwa na kiemoji cha mikono iliyokunjwa.

Mimi nimeupokea. Kazi ya kijana yule tuliigawana watu watatu kwa mwezi mzima.

Nimewahi pia kuwa na mmoja aliyeomba kupandishwa cheo mwezi wa nne, kabla hata kipindi cha majaribio hakijaisha. Nimekuwa na aliyevaa visikizio masikioni siku nzima, ukimwita mpaka umguse bega. Hayo yapo. Yanachosha, na anayeyabeba kwanza ni yule msimamizi wa kati ambaye juu anadaiwa matokeo na chini anadaiwa uelewa.

Ila nilipoketi nikajaribu kuandika kwenye karatasi makosa ya vijana niliowahi kuwasimamia, kisha makosa ya watu wazima niliowahi kuwasimamia, karatasi ya pili ilijaa mapema. Kuna mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye kwa miaka miwili hajajibu barua pepe moja kwa wakati. Yeye hatumwiti kizazi. Tunamwita jina lake, na tunasema "ndivyo alivyo".

Kijana akichelewa mara mbili, amechelewa kwa niaba ya mamilioni.

## Mstari wa 1997

Hili jina la Gen Z, tunalowapa vijana wa kizazi cha leo, linatupa starehe fulani. Ukishalitamka, huna tena haja ya kumjua mtu aliye mbele yako.

Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani, ambacho wengi huazima hesabu zake, huanza kuhesabu kizazi hiki kwa waliozaliwa mwaka 1997. Maana yake aliyezaliwa usiku wa tarehe 31 Desemba 1996 ni mtu wa kizazi kingine kabisa na aliyezaliwa saa mbili baadaye kitanda cha pili. Wenyewe Pew walieleza kwamba mipaka hiyo si sayansi kamili. Sisi huku maofisini ndio tuliigeuza kuwa ukuta.

Mwaka 2020, Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilitoa ripoti ya kamati iliyopitia tafiti za vizazi kazini. Hitimisho lake lilikuwa kavu: utafiti uliopo haubebi uzito wa kupanga au kuongoza wafanyakazi kwa kuwagawa kwa vizazi. Sababu moja ni ya hesabu, na mimi ilinichukua muda kuielewa. Unapomtazama mtu wa miaka 23 leo, unatazama vitu vitatu vilivyofungwa fundo moja: umri wake, nyakati tulizomo, na mwaka aliozaliwa. Ukijua viwili, cha tatu kimeshajulikana. Kwa hiyo ukiona hana subira, huwezi kujua kwa kumtazama tu kama ni kwa sababu ana miaka 23, au kwa sababu nyakati hizi zimetunyang'anya sote subira, au kwa sababu alizaliwa na kizazi chake. Pengine ni hayo yote kidogo kidogo.

Hapo nilitaka kufunga mjadala. Vizazi ni hadithi tu, basi, turudi kazini.

Nikashindwa kuufunga, kwa sababu kuna kitu kimebadilika kweli, na nilikiona kwa macho yangu. Nitakirudia. Kwanza nisimulie simu niliyompigia Mzee.

## Simu kwa Mzee

Mzee ndiye aliyekuwa bosi wangu wa kwanza. Amestaafu, ana sauti ileile. Kila nikikwama humpigia, na ukweli ni kwamba safari hii sikupiga kuomba ushauri. Nilipiga ili anikubalie.

Nikamsimulia kisa chote, cha kikao na cha jedwali. Nikamaliza kwa maneno niliyokuwa nimeyatayarisha tangu asubuhi: "Sisi enzi zetu, Mzee, tulikaa kimya tukajifunza. Hatukuhitaji kuonyeshwa kila kitu."

Akanyamaza kidogo. Halafu akacheka, si kwa ubaya.

"Mwanangu, unalikumbuka lile daftari la madai?"

Nilikumbuka. Lilikuwa jukumu langu la kwanza, na hadi leo hulitaja nikiwahadithia wageni kazini jinsi nilivyojifunza mwenyewe bila kuelekezwa na mtu.

"Ulilijaza vibaya miezi minne," akasema. "Safu ya tatu na ya nne ulizigeuza. Uliogopa kuuliza. Mimi nikagundua mwezi wa pili, nikawa nazirekebisha jioni ukishaondoka. Mwezi wa tano ukamwona mwenzio anavyofanya, ukajirekebisha. Nikasema alhamdulillahi, nikapumzika."

Sikuwa na la kusema. Nikauliza kwa nini hakuniambia.

"Nani aliniambia mimi?" akasema. "Nilifikiri ndivyo watu wanavyofunzwa."

Tuliongea mengine, afya yake, wajukuu. Baada ya kukata simu nilikaa garini muda mrefu, injini imezimwa.

Miaka kumi na saba nimekuwa nikijivunia ukimya ule. Nimeutumia kama fimbo kwa watu wengine. Kumbe ukimya wenyewe ulikuwa na gharama, na gharama yake ililipwa jioni baada ya jioni na mtu aliyenificha. Yule binti aliyeuliza "nirudie nini hasa" mbele ya watu wote angetuokolea miezi minne kwa sentensi moja.

Mzee naye simwachii hivihivi. Alinipenda, alinilinda, na alininyima haki ya kujua kwamba nakosea. Nampenda bado. Lakini nimeanza kuona kwamba sehemu ya ile heshima niliyokuwa nayo kwake ilikuwa hofu iliyovaa nguo safi.

## Ujana niliojitungia

Kuna utafiti wa John Protzko na Jonathan Schooler uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science Advances. Waliwauliza maelfu ya watu wazima wa Marekani wanavyowaona vijana wa leo wakilinganishwa na vijana wa enzi zao. Wengi waliona vijana wameharibika, hilo si habari. Habari ni namna kasoro zilivyogawanyika. Watu wanaothamini sana mamlaka ndio walioona zaidi kwamba vijana hawana heshima. Waliosoma vitabu vingi ndio walioona zaidi kwamba vijana hawasomi.

Yaani kila mmoja aliona pengo palepale alipo hodari mwenyewe.

Maelezo yao yaliniuma. Mtu anapojaribu kukumbuka vijana wa enzi zake, kumbukumbu zenyewe ni haba, kwa hiyo huchukua jinsi alivyo sasa na kuirudisha nyuma. Mimi wa leo ni mvumilivu, basi mimi wa miaka ishirini na mitatu lazima alikuwa mvumilivu, na wenzangu wote pia. Kumbe mvumilivu yule nilimtunga baadaye. Aliyekuwepo kweli alikuwa msichana mwenye safu mbili zilizogeuka na tumbo lililojaa wasiwasi.

Nilipousoma utafiti huo nilijiuliza mimi ni hodari wa nini. Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyopenda: kuvumilia. Na malalamiko yangu kuhusu vijana, miaka yote, yamekuwa yapi?

Kuna swali jingine chini ya hilo, na hili sijawahi kumwambia mtu. Je, nilikasirika siku ile kwa sababu binti alikosa adabu, au kwa sababu alipata bure kitu ambacho mimi nilikilipia? Ujasiri wa kuuliza nimeupata nikiwa na miaka thelathini na tano. Yeye kaja nao siku ya kwanza, mkononi, kama mwavuli.

Wivu. Sina neno jingine.

## Kazi iliyokuwa inasikika

Sasa nirudi kwenye kile kilichobadilika kweli.

Nilipoanza kazi, meza yangu ilikuwa hatua mbili kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akishughulika na wateja wagumu. Hakunifundisha kitu. Hakuna siku aliyoniketisha akaniambia "hivi ndivyo mteja anavyotulizwa". Lakini nilimsikia. Nilimsikia akishusha sauti mteja anapopandisha ya kwake. Nilimsikia akisema "ngoja niangalie" na nikaona kwamba haangalii chochote, anampa tu mtu nafasi ya kupumua. Nilimsikia akikata simu na kutukana. Hayo yote yaliingia masikioni bila ada.

Mwaka 2020 ofisi zilifungwa. Zilipofunguliwa hazikurudi zilivyokuwa. Wengi wetu sasa tuna siku mbili au tatu za ofisini, na hata siku hizo nusu ya mazungumzo yanapita kwenye skrini, kimya. Mama yule angekuwa leo, angekuwa anaandika ujumbe. Kijana wa pembeni angesikia vidole vinavyogonga kibodi.

Wachumi watatu, Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais, waliwafuatilia wahandisi wa programu wa kampuni moja kubwa ya Marekani, ambako timu nyingine zilikaa pamoja jengo moja na nyingine ziligawanyika majengo mawili. Waliokaa karibu na wenzao walipata maoni mengi zaidi juu ya kazi zao, na waliofaidi zaidi walikuwa wachanga. Ofisi zilipofungwa, tofauti ile ikayeyuka. Ila kuna upande wa pili ambao watu wanaoshangilia "turudi wote ofisini" huuruka: wakubwa waliokaa karibu na wachanga, kazi yao wenyewe ilipungua. Kufundisha kulikula saa zao.

Hapo nikaelewa kitu kuhusu Mzee, kuhusu yule mama, na kuhusu mimi. Mafunzo yale niliyodhani yalikuwa bure yalikuwa yanalipwa na mtu. Sisi tumepunguza malipo, kisha tunashangaa bidhaa haiji.

Kijana anayeuliza "iliyo nzuri inafananaje" anaomba kwa mdomo kile ambacho mimi nilikipata kwa sikio. Tukimwita mvivu wa kufikiri tunamwonea.

(Yule mwenye visikizio, nimegundua, alikuwa anasikiliza rekodi za vikao vyetu vya zamani. Mara mbili mbili. Alitaka kujua tunavyoongea. Nilijua hilo siku anaaga.)

## Nilipojaribu upole

Msomaji ataniambia: basi kuwa mpole, wasifu, watie moyo. Nilishajaribu, na hapa ndipo penye kovu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na kijana mmoja wa kiume, mcheshi, anapendwa na wote. Kazi yake ilikuwa ya wastani kwenda chini. Nilikuwa nimetoka kwenye semina moja tuliyoambiwa kwamba kizazi hiki kinahitaji kusifiwa mara kwa mara, nami nikaitii semina. "Kazi nzuri!" "Uko vizuri sana!" "Wewe ni hazina!" Miezi sita ya hazina. Kisha ikaja tathmini ya mwisho wa kipindi cha majaribio, juu wakatazama namba, wakasema asiendelee.

Mimi ndiye niliyemwambia. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na ndugu. "Lakini Dada, si ulisema niko vizuri?"

Nilikuwa nimesema. Kwa maandishi.

Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti za miongo mingi kuhusu mrejesho kazini na kwingineko. Kwa wastani ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo, watu waliopewa mrejesho walifanya vibaya zaidi kuliko kama wangeachwa. Maelezo yao ni kwamba mrejesho ukimgeuza mtu aanze kujitazama yeye mwenyewe, mimi ni hodari au mimi ni mbovu, akili inaiacha kazi. Ukielekezwa kwenye kazi yenyewe, una nafasi ya kusaidia.

"Wewe ni hazina" ni maneno juu ya mtu. "Irudie" ni amri isiyo na anwani. Nimepiga shuti pande zote mbili za goli.

Alichotaka yule binti hakikuwa sifa. Nimelisoma tena na tena swali lake, maana nimeliandika, na hakuna mahali aliposema nisifie. Aliomba kipimo. Kama fundi anayeuliza mbao ikatwe urefu gani, na bosi anamjibu "ukikaa kwenye ufundi utajua".

## Nani anaisoma

Jambo moja la mwisho kabla sijaeleza nilichofanya.

Nilipojaribu kumjibu kimoyomoyo, ripoti nzuri inafananaje, nilijikuta sijui inasomwa na nani. Najua inatumwa wapi. Sijui macho ya nani hutua juu yake. Nikapiga simu, nikapelekwa huku, nikapelekwa kule, hatimaye nikampata: ofisa mmoja ambaye husoma ukurasa wa pili tu, kwa sababu ndipo lilipo jedwali analolihitaji kupanga zamu za watu wake. Kurasa nyingine kumi na moja hazifungui.

Miaka. Tumeandika hizo kurasa kumi na moja miaka.

Kwa kawaida tukizungumzia kuwatia vijana ari, tunakimbilia hotuba za "dira" na "maono", tunabandika maneno ukutani. Adam Grant na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2007, walifanya kitu chepesi zaidi. Wafanyakazi waliokuwa wakipiga simu kuchangisha fedha za chuo kikuu walikutanishwa kwa muda mfupi na mwanafunzi mmoja aliyesomeshwa kwa fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umepanda kwa zaidi ya maradufu. Hawakuongezewa kitu wala kuhutubiwa. Walimwona mtu.

Naliandika hili kwa tahadhari, kwa sababu waajiri hupenda sana tafiti za aina hii. Zinawapa ruhusa ya kutoa maana badala ya mshahara. Kijana ambaye mshahara wake unaisha katikati ya mwezi hana nafasi ya kutafakari maana, na ukimletea mwanafunzi wa kumshukuru atajiuliza naye atamshukuru nani. Mlipe kwanza. Ukishamlipa, mwonyeshe anayeisoma kazi yake. Nilishindwa la pili kwa miaka mingi, na la kwanza halimo mikononi mwangu peke yangu, ingawa mwezi huu nimelipeleka juu kwa maandishi na bado nasubiri jibu.

## "Sawa, Dada"

Nilimwomba radhi.

Nilifikiri itakuwa kama kwenye tamthilia, machozi kidogo, kisha mambo yanarudi yalivyokuwa. Nikamwambia swali lake la siku ile lilikuwa sahihi, na jibu langu halikuwa jibu. Nikamwambia kuhusu safu mbili zilizogeuka. Akasikiliza kwa makini, mikono mapajani.

"Sawa, Dada. Ahsante."

Akarudi mezani kwake. Wiki nzima ikapita, hakuuliza kitu.

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nimejishusha, mbona mlango haufunguki? Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba nilikuwa nimemfunga mdomo mbele ya watu wanane na nimemfungua tukiwa wawili. Na kwamba aliyeungua haulizi kama moto umezimwa, anakaa mbali tu na jiko.

Kikao kilichofuata nikalisema mbele ya wote. Sikuchukua dakika moja. Mwenzetu wa uhasibu safari hii hakutafuta kalamu.

Halafu nikafanya lile ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo: nikaketi kuandika ripoti nzuri inafananaje. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua jioni nne. Jioni ya kwanza niligundua kwamba nina maoni mengi na kipimo sina. Ya pili nikagundua kwamba nusu ya ninavyovikataza nimevirithi kwa Mzee, na sijui yeye alivirithi wapi. Zikapatikana kurasa mbili, pamoja na ripoti tatu za zamani nilizoziona ni nzuri, nimeandika pembeni ya kila aya kwa nini.

Nikamtumia binti kabla ya kuwatumia wengine. Nikaandika: "Naomba uisome kama mimi ninavyosoma za kwako."

Siku mbili kimya.

Jana asubuhi imerudi. Ina maoni kumi na moja, kwa rangi nyekundu. Mengine ni ya mkato. La tano linasema mfano wangu wa pili una jumla isiyokubaliana, na kweli haikubaliani, na ile ripoti ilikwenda kwa mteja miaka mitatu iliyopita bila mtu kuona. La saba linasema:

"Dada, hapa umeandika ifupishwe iwezekanavyo. Ukurasa wa kwanza umeandika ieleze kila kitu. Nifuate lipi?"

Nimejibu yote isipokuwa hilo la saba. Bado naliangalia.